Mukwe Wangu na Mashine Yenye Haitaki Kuangaliwa

Mukwe wangu, bwana ya binti yangu ya kwanza, mi namujua na biatu yake. Biatu nyeusi ya ngozi, kisigino ya kuume imekulika juu ya kuendesha kamio, lori yake, kila siku. Iko mukwe kwetu miaka makumi mbili na tatu sasa, na ukiniuliza pua yake iko namna gani, nitakuambia: enda uangalie foto ya ndoa, iko pale ku ukuta. Lakini na mule mu foto alikuwa anaangalia chini, mutoto ya batu ya heshima.

Njo desturi yetu. Mama ya mwanamuke na bwana ya binti yake habaangaliane mu macho, habapeane mukono, habakule sahani moja. Nikimona anakuya mu njia, nageukia ukuta. Siku moja ku soko nilisikia kikohozi yake nyuma yangu, nikageuka mbio, nikabaki naangalia ndani ya sufuria ya mama moja mwenye kuuzisha sombe, majani ya muhogo. Ule mama akafikiri njala inaniua. Akanipa sahani. Nikakula, ningefanya nini?

Usifikiri ni chuki. Ni heshima, na heshima iko na faida yake. Mukwe hawezi kukatalia mama-mukwe kitu anamulomba, ni haya kubwa sana. Lakini mama-mukwe naye hawezi kumulomba uso kwa uso. Lazima kinywa ya mutu mwingine ipite katikati. Hii uikamate muzuri, juu mambo yote ya ile juma ilitokea pale.

Sasa, huyu mukwe njo baba ya mujukulu wangu, ule msichana alisoma politekiniki ku Lubumbashi. Alisoma mambo ya baridi: frigo, pompe, mipira, byote bya kupoza. Huku kwetu Kapata batu balimucheka. “Miaka yote ile juu ya frigo?” Mi sikucheka. Mi nauzisha barafu na mayi ya baridi mu sashe ya plastiki, na kila mara umeme inarudi na nguvu, frigo yangu inalia sawa mbuzi na inakufa. Yeye njo aliyeifufua, mara ine. Kwangu alikuwa munganga.

Siku ya kwanza ya juma, asubui, akaingia mu lupango, mu kiwanja yangu, na telefone mu mukono, akakaa ku banki ya mbao, akakatala hata chai. Nikajua: ao ni kifo, ao ni ndoa.

“Kambo,” akaniita mi nyanya yake, “balinikubali.”

“Nani?”

“Kule Bulaya. Kuko mashine mupya ya hesabu, banaijenga sasa. Banataka mafundi ya baridi. Nitajifunza na kutumika palepale, miaka mbili. Banangoya jibu Ijumaa, mbele ya saa sita ya muchana.”

“Basi jibu ni ndiyo! Unangoya nini?”

“Papa.”

Baba yake alikuwa amekwisha kumutafutia fashi ya kazi ku mine ya shaba ya Fungurume, kule yeye mwenyewe anapakiaka mizigo. Kofia ya plastiki, bota, basi ya kukuchukua asubui. Kazi yenye jirani anaimona. Na mutoto alisema: “Kambo, sitaenda bila neno yake. Siwezi kupanda ndeke na baba amenipa mugongo.” Nikamuelewa. Mutu anaenda mbali na neno ya baba ao anaenda na mawe mu tumbo.

“Nieleze hiyo mashine,” nikamuambia. “Nitamulomba baba yako mi mwenyewe. Na hawezi kunikatalia.”

Masomo yangu iliisha mwaka ya pili ya shule ya mukini, ya kijiji, siku mwalimu alinikuta nimelala na kitabu ku kichwa. Lakini mujukulu wangu anajua kufundisha. Akanionyesha foto mu telefone. Nikamona taa kubwa ya kanisa, ile ya kuninginia, na masahani ya zahabu moja chini ya ingine, na vikamba vyembamba vinashuka sawa ndevu ya mbuzi.

“Zahabu yote hii!”

“Ni shaba, kambo. Zahabu balipaka juu tu.”

“Shaba?” Nikasimama. Bwana yangu marehemu alitumika ku moto ya shaba mpaka pensheni. Mashati yake ilinukaka shaba hata nifule mara tatu. Hii nyumba ya Kapata tunalalamo, ni shaba ilitupa. “Na shaba iko inatafuta nini mu mashine ya hesabu?”

“Inapitisha baridi mbio. Sawa vile sufuria ya shaba inapitisha moto.”

“Ile najua.”

“Kila sahani iko na baridi kupita ile ya juu yake. Ile ya chini kabisa iko baridi kupita kule mbali, kati ya nyota na nyota.”

Nikageuka, nikaangalia frigo yangu. Masikini, ilikuwa inanguruma pale na kutu yake, haikujua kama tunaisema.

Sasa, ndani ya ile baridi, akaniambia, mule chini kabisa, banaweka katu, kakitu kadogo sana. Telefone yetu inahesabu na tutaa tudogo, kila kamoja ao kanawaka ao kanazima. Lakini haka katu kanaweza kuwaka na kuzima pamoja, byote bibili. Juu ya ile njo kana uwezo ya hesabu yenye mashine ingine haiwezi. Joto kidogo, kanatetemeka, kanasahau kazi. Na mutu akikaangalia, kanaacha. Kanachagua moja: kuwaka ao kuzima. Basi, kazi imekufa.

“Akikaangalia tu?”

“Akikaangalia tu, kambo.”

Mi nikapiga mikono. “Haa! Mama! Ile ni mukwe!”

“Nini?”

“Ile katu ni mukwe wangu! Ukimuangalia unaharibu. Unamuacha kule mu baridi yake, na heshima yake, anafanya kazi.”

Akacheka mpaka telefone ikaanguka. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia sawa vile nimefungua mulango. “Kambo, papa akikasirika, weye unajuaka namna gani? Haumuangalie.”

Ah, ile ni rahisi. Naangalia bitu ya pembeni yake. Namuuliza binti yangu: sahani inarudi na bukari, ugali yake, nusu: kuko kitu. Anapiga honi mara mbili pa kuingia: iko sawa. Anapiga mara moja murefu: kamio ilikwama. Binti yangu anafunga kitambaa mpaka ku macho: balikosana, lakini kidogo. Miaka makumi mbili na tatu, sijakosea.

“Njo kazi yetu,” mujukulu wangu akasema, na macho yake ilikuwa inangaa. “Katu kanakosea, kila wakati kanakosea. Hatuwezi kukaangalia, basi tunauliza bya pembeni. Na hatuweke kamoja peke yake. Namna rahisi, unaweka tutatu mu kazi moja. Kamoja kakikosea, tubili tunasema ukweli.”

“Sawa bashahidi.”

“Sawa bashahidi. Zamani hii yote ilikuwa ku chaki, barofesa balijua inawezekana, balimaliza. Sasa inalomba mikono. Fundi ya baridi, fundi ya kamba, fundi ya pompe. Banafungua hata masomo ya kuijenga. Kambo, mi nataka kuwa mu bale ba kwanza.”

Sasa nitasema zambi yangu. Muchana ile ile nilienda kwa binti yangu, mama yake, kwenye banaishi mu muji. Nilipaswa kusema polepole. Lakini furaha iliniingia mu ulimi. Nikamuambia: “Mutoto wako ataenda kutumika mu baridi yenye hata nyota haina! Frigo yangu ni jua mbele ya ile! Mutu mwingine angekuwa jiwe!” Nikaongeza na ishara ya mikono. Kisha nikalomba mafuta kidogo, nikarudi kwangu.

Kesho yake mujukulu akakuya na macho nyekundu. Papa amesema hapana. Hakueleza. Amesema tu hapana na ameenda kuangalia mapira ya kamio, na mapira ilikuwa muzima.

“Usilie,” nikasema. “Mi bado sijalomba.”

Nikamutuma binti yangu kwa bwana yake, na maneno ya desturi yote: mama yako ya bukwe anakusalimia, anakulomba umuache mutoto aende. Saa ya mangaribi binti yangu akarudi.

“Alisema nini?”

“Anasema anawaza, mama.”

Muzuri. Mwanaume anawaza, tumuache. Kesho yake, siku ya tatu ya juma, nikamutuma tena.

“Alisema nini?”

“Bado anawaza.”

“Sahani yake ilirudi namna gani?”

Binti yangu akaanza kukunja kona ya kitenge yake. “Ilirudi… mujazo.”

Mujazo! Na kitambaa yake ilikuwa imeshuka mpaka ku nyusi. Mutu anawaza, anakula. Mutu mwenye hakule, huyo amekwisha kuwaza. Nikaona wazi: kuko kitu kinapotea mu njia. Kinywa yangu ilikuwa muzima, sikio ya mukwe muzima, basi kamba ya katikati njo inaharibu. Na kamba ya katikati nilizaa mi mwenyewe.

Siku ya ine nikaita mukutano kwangu. Muchana, jua kali. Mukwe akakaa mu salo, chumba ya wageni. Mi nikakaa mu kolidoro, nyuma ya rido, pazia ya mulango, mugongo ku ukuta, naona biatu tu kwa chini. Biatu ilikuwa imepigwa sirage, inangaa. Alikuya na heshima yake yote.

Na katikati nikaweka binywa bitatu: binti yangu, mujukulu wangu, na mama jirani mwenye anauzishaka makala, mukaa ya kupikia.

“Kila mutu atamufikia peke yake,” nikasema. “Tata, mukwe yetu, atamuambia ku sikio. Naye atakuya kuniambia mi ku sikio. Hakuna kuambizana katikati. Neno yenye babili banasema sawa, ile njo ya kweli.”

Mujukulu wangu akaweka mukono ku kinywa. “Kambo, umejenga…”

“Nyamaza. Fanya kazi.”

Mukwe akakohoa. “Mama,” akasema, lakini kwa binti yangu, juu kwangu hawezi, “umuambie mama mi niko shofere. Siko redio. Nitasema mara tatu?”

“Mara tatu,” nikajibu rido.

Binti yangu akaenda wa kwanza. Pss, pss, pss. Akarudi, akainama. “Mama, anasema bado anawaza.”

Mujukulu akaenda. Pss, pss. Ile mara ilikuwa murefu. Akarudi polepole, uso yake imebadilika. Akaniambia ku sikio: “Kambo, anasema analomba musamaha, hajawahi kukukatalia kitu. Lakini anasema mi mutoto yake nitakufa na baridi.”

Binywa bibili, na kila moja na neno yake! Ikabaki mama jirani. Ule mama alikula vumbi ya makala miaka mingi, sauti yake haijue kushuka. Mukwe akamuambia. Yeye akarudi, akainama ku sikio yangu muzuri kabisa, na akasema, barabara yote ya Kapata ikasikia:

“ANASEMA HAWEZI KUACHA MUTOTO YAKE AINGIE NDANI YA FRIGO!”

Kuku mu lupango ikaruka.

“Ndani ya frigo?” nikasema. “Nani alisema ataingia ndani ya frigo?”

Kisha binti yangu, naye macho chini: “Ni weye, mama. Siku ile. ‘Mutu mwingine angekuwa jiwe.’”

Na pale byote bikatoka. Binti yangu alimupelekea bwana yake maneno yangu sawa vile nilitoa, na mikono na nyota. Mukwe akaona mutoto yake amefungwa mu chumba sawa ile ya samaki ya barafu. Ndugu yake mudogo, kumbe, alitumikaka mu chumba ile ku Lubumbashi, kupanga makartoni, na alitoka na kifua yenye haijapona mpaka leo. Mi sikujua. Miaka makumi mbili na tatu nasoma sahani yake, na ile sahani haikuniambia. Na binti yangu, mara mbili alisikia “hapana, juu ya baridi”, na mara mbili akanipa “anawaza”, juu aliona haya: bwana yake amekatalia mama-mukwe! Bora aseme uongo kuliko asikie ile neno ikitoka mu kinywa yake.

Nami sikufikiri tena. Nikasimama, nikafungua rido na mikono mibili, nikaingia mu salo: “Hapana, tata, si vile! Hakuna mutu anaingiamo!”

Na nikamuangalia. Mu uso. Na yeye akaniangalia.

Ee Mungu. Binti yangu akalia sawa vile sufuria ya moto imeanguka. Mama jirani akafunga macho yake mwenyewe, yeye asiye na kosa. Mi nikavuta kitenge, nikafunika kichwa yote, nikabaki nasimama pale sawa mufuko ya makala. Mukwe akaweka kofia ku uso, akasimama, akatafuta mulango, akapata ule wa jikoni, akaingia, na jikoni yangu haina mulango wa pili. Tukasikia masufuria.

“Tata,” nikasema ndani ya kitenge, “baki pale pale. Tutasema vile vile.”

“Ndiyo, mama,” jikoni ikajibu.

Ilikuwa mara ya kwanza anijibu mi mwenyewe. Tayari tulikuwa tumeharibu, basi tuharibu muzuri.

Mujukulu wangu akasimama katikati, kati ya kitenge na jikoni, akamuelezea baba yake. Mule ndani mutu hawezi kuingia, ni padogo. Ile katu ni kadogo kupita mbegu ya bulezi. Banafunga mashine, pompe zinavuta siku na siku, na bafundi bako inje, mu chumba ya kawaida, bamoja na mashati ya mikono mifupi, juu pompe zinatoa joto.

“Inje kuko joto?” jikoni ikauliza.

“Ndiyo, papa.”

“Hakika?”

“Papa, banafungua madirisha.”

Jikoni ikakohoa. Kisha: “Na hiyo mashine inatumika? Juu ku Fungurume, mutu anatoa shaba, shaba inapanda kamio, mi namona.”

Hapa nikaogopa. Angeweza kumudanganya. Lakini ule mutoto akasema: “Bado, papa. Inafanya mambo kidogo, na inakosea sana. Njo maana banatafuta mafundi. Kama ingekuwa tayari, hawangeniita.”

Masufuria ikalia tena, naona alikuwa amekaa juu ya ile kubwa.

“Barabara ya kwenda Kasaji,” akasema. “Ku karte, ku ramani, imepita pale tangu mi mutoto. Ku karte haina shimo hata moja.”

“Njo vile, papa. Barofesa balichora karte. Sasa kunabaki madaraja.”

Akawaza. Ile mara aliwaza kweli, nilisikia pumzi yake. Mi ndani ya kitenge nilikuwa natoka jasho, mama jirani bado amefunga macho.

“Kama ni kazi ya madaraja,” mukwe akasema, “ile ni kazi. Aende.”

Mujukulu akakimbia jikoni, na mi nikarudi nyuma ya rido mbio, kabla hawajatoka, juu kosa moja inatosha.

Siku ya Ijumaa, mbele ya saa sita, bakakuya kwangu juu kwangu rezo ya telefone inakamata muzuri pembeni ya frigo. Mukwe alitaka kugusa telefone yeye mwenyewe, kutuma ile jibu na kidole yake. Akagusa. Akauliza binti yake: “Imefika?” Imefika. Akauliza bibi yake: “Imefika?” Imefika. Akatoka inje, akauliza mama jirani, mwenye hata hakuona telefone. “IMEFIKA!” Basi akatulia.

Mi nilipeleka kuku kwake, juu kosa ya kuangalia inalipwa na kuku, na nilichagua ile ya kizungu, nene, juu kosa yangu ilikuwa ya macho yote mabili. Aliipokea. Naye akanunua koti ku soko ya mitumba, koti ya manyoya, nzito kupita mutoto mwenyewe, akaipakia mu valizi. Tulimuelezea tena mashati ya mikono mifupi. Akasema mashine ni mashine, lakini ku njia ya kuenda ku mashine kuko Bulaya.

Mutoto aliondoka na ile koti. Sasa anatutumia foto, anasimama pembeni ya ile taa ya kanisa, mikono mifupi, anacheka. Nimeweka moja ku ukuta, pembeni ya foto ya ndoa.

Na tumerudi mu desturi yetu, mukwe na mi. Akipita nageukia ukuta. Lakini pua yake sasa naijua. Ilikuwa imelowana ile siku, na macho yake vilevile, kabla ya kuweka kofia. Ni kubwa kidogo, inageuka kuume. Ni ile ile ya mujukulu wangu, na miaka yote ile nilikuwa nasema mutoto alinifanana mi.